Kofia za Bi Fundi

Kosa lilikuwa la Nesi Kasuku, si la mwingine, na ukimkuta leo atakwambia mwenyewe kabla hujavuta kiti. "Nilimfundisha mtu ugonjwa usio wake," atasema, "tena nilimfundisha vizuri, ndiyo balaa lenyewe." Halafu atacheka, na katikati ya kicheko utamwona anapangusa jicho kwa mgongo wa mkono, kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

Jina la Kasuku alipewa na wagonjwa. Kazi yake kwenye ile wodi ya saratani ilikuwa kutundika dripu na kufundisha, na kwenye kufundisha hakuwa na mpinzani. Kila mgonjwa mpya, kabla hajaanza dawa, aliingizwa kwenye chumba kidogo jirani na dirisha la dawa, akaketishwa kwenye kiti kikubwa cha mikono, cha bluu, kilichopasuka ubavuni kikazibwa kwa plasta ya vidonda. Nesi Kasuku alikiita kiti cha enzi. Msindikizaji alikaa benchi. "Mfalme kwenye enzi, waziri kwenye benchi," alizoea kusema, na hapo somo limeanza.

Alikuwa mama wa makamo, mwenye mwili, mwenye macho mepesi ya kuona kitu kabla hakijatokea. Chuo cha uuguzi kilimpa stashahada, na yeye akawapa wanafunzi wake kanuni moja waliyoikariri mpaka wakaiota: kabla hujafungua mdomo kufundisha, muulize mtu yeye ni nani na ameambiwa nini. Usimfundishe mtu kuogelea kabla hujajua kama anajua kuwa yuko majini.

Siku ile kanuni ilimtoka. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, mwenzake wa zamu anaumwa jino, na walipoingia wale wawili, macho yake mepesi yakamponza. Mmoja alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, amenyooka kama sindano, gauni la maua limemkaa utadhani lilishonwa akiwa ndani yake. Ndivyo ilivyokuwa kweli, maana alikuwa fundi wa nguo, na mtaani walimwita Bi Fundi. Mwingine alikuwa binti yake wa mwisho, Kitinda, karani wa ofisi ya maji, amekonda, macho yamevimba, kitambaa kimezungushwa kichwani ovyo ovyo, anatembea kama aliyejitwika ndoo iliyojaa hadi ukingoni.

"Kaa wewe," mama akamwambia, akimsukumia kwenye kile kiti kikubwa. "Hujalala jana." Yeye akaenda benchi, mkoba mapajani.

"Karibu kwenye enzi, mwanangu," akasema Nesi Kasuku kumwambia binti. Akaanza.

Mgonjwa alikuwa mama.

Hilo Nesi Kasuku alikuja kuambiwa baadaye, pamoja na mengine yote. Uvimbe ulikuwa kwenye titi la Bi Fundi. Siku daktari alipotoa majibu, alizungumza kwa maneno ya kidaktari, na mtoto mkubwa wa kiume wa Bi Fundi, aliyekwenda naye, akayafasiri alivyopenda mwenyewe. "Mama, ni jipu la ndani. Utatiwa dripu za kulikausha." Walipofika nyumbani akamvuta mdogo wake Kitinda pembeni. "Mama asilisikie hilo neno. Neno litamuua kabla ya ugonjwa wenyewe." Kitinda akaapa. Alikuwa hajalala tangu aape.

Kwa hiyo nesi alipomwita yeye mfalme, Kitinda aliona kama mlango umejifungua. Mama atasikia namna ya kujitunza, yote, bila kusikia kuwa ni yeye anayeambiwa. Akanyamaza, akatikisa kichwa pale panapotikiswa. Kunyamaza nako ni kusema uongo, ila hakuchoshi ulimi.

"Dawa yako ni nyekundu," Nesi Kasuku alisema. "Na mkojo utatoka mwekundu kama sharubati. Usiite zimamoto. Ni dawa inaaga. Nywele zitakwenda. Zitarudi, ila zitakwenda kwanza, maana hii dawa inafukuza kila kinachoota haraka, na nywele zimo, haijui kuuliza. Tafuta kofia laini mapema, usingoje kichwa kiwe wazi ndipo umtafute fundi. Mdomo ukifanya vidonda, sukutua kwa maji ya chumvi. Kula kidogo kidogo, kama mtu anayekula kwa kuiba. Maji ya kunywa yachemshwe. Mwenye mafua akija kukusalimia, msalimie dirishani."

Kule benchi, Bi Fundi alikuwa ameacha kuchezea zipu ya mkoba.

"Na homa!" Nesi Kasuku akanyanyua kipimajoto kama refa anayetoa kadi. "Hapa sicheki. Dawa hii inawalaza askari wa mwili. Homa ikigonga thelathini na nane, hata kama ni saa ya jogoo, huogi, hupaki vitu, humngoji mjomba. Unakuja hapa. Homa ikichelewa kuletwa hospitali, ndiyo inayotunyang'anya watu, kuliko hata kansa."

Neno likawa limetoka. Bi Fundi akasogea ukingoni mwa benchi.

"Nesi," akauliza, sauti ndogo kuliko gauni lake, "nimpime mara ngapi kwa siku?"

"Asubuhi na jioni, mama yangu. Na ukimwona anatetemeka."

"Na hizo kofia. Mshono ukikaa ndani hautamkwaruza?"

"Duh! Hilo hata mimi sikuwahi kulifikiria. Ugeuze mshono uwe nje."

"Nitageuza," akasema Bi Fundi. "Nitamtunza, nesi. Usiwe na wasiwasi."

Nesi Kasuku akawasindikiza mpaka mlangoni, akarudi akimwambia mwenzake mwenye jino kuwa laiti kila mgonjwa angekuwa na mama kama yule, wao manesi wangekosa kazi.

Siku ya dawa ikafika. Chumba cha dripu kilikuwa na viti vya kulalia vimepangwa ukutani na benchi la wasindikizaji, na kwenye kiti cha kwanza tayari alikuwepo Mzee Breki, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye dripu yake ilikwenda polepole na mdomo wake mbio. Bi Fundi aliingia mbele, Kitinda nyuma yake, safari hii hana hata mkoba wa kubeba. Mama kabeba yote.

"Nesi wangu!" akaita Bi Fundi. "Njoo ukague kazi." Akafungua mfuko, akatoa kofia tano za kitambaa laini, kila moja na rangi yake, mshono nje kama ilivyoagizwa, umefichwa kwa utepe ili ionekane ndiyo mtindo. Shingoni alikuwa bado na futi yake ya kupimia. "Na hajapata homa hata mara moja. Nampima mpaka ananikimbia chooni."

"Mwanafunzi bora!" Nesi Kasuku akapiga makofi. "Mzee Breki, umeona? Wewe mkeo alikuletea nini?"

"Aliniletea maneno," akasema Mzee Breki.

Kila mtu alicheka isipokuwa Kitinda.

Nesi mwenzake Kasuku akaja na mfuko wa dawa kutoka dirishani, mwekundu, umefunikwa mfuko mweusi usipigwe na mwanga. Hapo ndipo penye kazi isiyo na mzaha. Dawa ile haimwingii mtu mpaka manesi wawili wasimame mbele yake, mmoja ashike mfuko, mwingine amuulize mgonjwa mwenyewe aseme jina lake kamili na mwaka wa kuzaliwa kwa mdomo wake. Humsomei ukamwambia aitikie. Mgonjwa aliyechoka huitikia hata jina la jirani.

"Haya mwanangu, kaa hapo," Nesi Kasuku akamwambia Kitinda. "Mwaka wa kuzaliwa?"

Kitinda akamwangalia mama yake, akaangalia sakafu, akautaja kwa sauti ya chini.

Yule nesi aliyeshika mfuko akakunja uso. Akasoma tena lebo. Akamsogezea Nesi Kasuku, kidole juu ya mwaka. Kwa mwaka ule wa kwenye lebo, yule msichana alitakiwa awe na wajukuu.

"Jina kamili?" akauliza Nesi Kasuku, na sauti yake mwenyewe akaisikia imekuja kutoka mbali.

Aliyejibu ni Bi Fundi, kwa haraka, kama mtu anayesaidia. Akataja jina. Ndilo lililokuwa kwenye lebo.

"Hilo ni langu," akaongeza. "Naona mmeanza na dripu yangu. Mimi yangu ni ya jipu tu, inaweza kungoja. Mwanzieni mwanangu kwanza."

Kuna mtu huanguka kwenye ngazi, na kuna mtu ngazi humwangukia yeye. Nesi Kasuku alisimama pale akiliona somo lake lote linarudi, neno kwa neno, mzaha kwa mzaha, mpaka kwenye lile benchi.

"Bi Fundi," akasema, "nipe dakika. Kuna karatasi." Hakukuwa na karatasi yoyote. Akamshika Kitinda mkono, akatoka naye kwenye korido, wakasimama kando ya mashine ya maji.

Binti alimwaga yote pale pale. Jinsi alivyotaka kumwambia mama, mara tu walipotoka chumba cha somo, kwamba nesi huongea hivyo na kila mtu. Na jinsi mama alivyomkumbatia getini kwa nguvu mpaka maneno yakakosa pa kupitia. Jinsi alivyompigia kaka yake simu, naye akasema, "Acha hivyo hivyo. Akiwa na wewe wa kukuhangaikia, hatajiuliza habari zake." Jinsi mama alivyoanza kulala kwenye mkeka chini, kando ya kitanda chake, asikie kama anatetemeka.

"Chini?" akauliza Nesi Kasuku. "Na lile titi?"

"Chini, nesi. Na hataki nishike hata ufagio." Kitinda akajifuta pua kwa ncha ya kitambaa. "Nakuomba, kwa kila unachokipenda. Nitundikie mimi chupa ya maji tu. Nikae, aone. Halafu atakubali yake. Hatuhitaji kumwambia chochote."

Nesi Kasuku hakuwa malaika, na nitakuwa mwongo nikisema hakulifikiria. Chupa ya maji ya chumvi haimdhuru mtu. Mama angekaa, dawa ingeingia, na lile kosa la kiti cha enzi lingezikwa bila matanga. Ilikuwa njia fupi, imenyooka, ina kivuli.

"Mwanangu," akasema hatimaye, "hii dawa itawalaza askari wake yeye, si wako. Sasa usiku ule homa itakapompanda, kipimajoto atamwekea nani?"

Kitinda akasema, polepole, "Ataniwekea mimi."

"Ndiyo."

"Atainuka na homa yake aje anipime mimi."

"Ndiyo, mwanangu."

Binti akaegemea ukuta, akateleza mpaka akachuchumaa. Nesi Kasuku naye, pamoja na magoti yake yanayouma, akachuchumaa, akamshikilia kichwa kwenye aproni yake mpaka kilipotulia. Halafu akampigia daktari simu. Daktari akasema yuko chumba cha upasuaji, atakuja akimaliza, na kwamba mwenye mwili ana haki ya kujua kama anataka kujua, amuulize. "Kosa ni langu," Nesi Kasuku akamwambia. "Najua," daktari akasema, bila ukali. "Ndiyo maana uanze wewe."

Waliporudi, Bi Fundi alikuwa amesimama vile vile, mkono kwenye kile kiti, analinda nafasi ya mwanawe.

Nesi Kasuku akavuta stuli, akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza Mzee Breki kumwona akikaa wakati wa kazi.

"Bi Fundi, siku ile nilikosea. Nilikosea kosa kubwa, na linakuhusu. Naweza kukueleza wewe mwenyewe, sasa hivi. Au, kama hupendi, nitawaeleza wanao na wao watakuamulia. Hakuna jibu baya. Unataka ipi?"

Bi Fundi alimwangalia kwa jicho la mtu anayepima kiuno bila futi.

"Mteja akiniletea kitambaa kibovu," akasema, "namwambia kabla sijatia mkasi. Nikishakata ndiyo nimwambie, huo ni wizi. Sema."

"Sikuuliza nani mgonjwa. Nilimwona huyu amekaa kwenye kile kiti cha enzi, nikaanza. Nilimfundisha asiyehusika. Kitinda si mgonjwa."

"Si mgonjwa?"

"Si mgonjwa."

"Huyu? Hana kansa?"

"Hana hata mafua, Bi Fundi."

Nesi Kasuku alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa kuanguka, hata kwa kofi. Hakujiandaa kwa kile kilichokuja. Bi Fundi alitoa sauti kama ya mtu aliyetua mzigo mlangoni, akamkamata binti yake mashavu yote mawili, akamgeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, akamtazama ndani ya macho, masikioni, kama anayekagua mtoto mchanga. Kisha akaanza kucheka. Akavua ile futi shingoni, akamchapa nayo mabegani.

"Mjinga wewe! Wiki nzima unakunywa maji ya kuchemsha! Unapimwa kama mgeni wa serikali! Na mzima kama ng'ombe!"

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Mzima! Jamani, mwanangu mzima!" Akawageukia watu wa kwenye viti, mmoja mmoja, awaambie. "Mzima huyu! Hana kitu!"

"Basi mtoeni," akasema Mzee Breki. "Anatuharibia wodi."

Wakacheka wote, hata yule bibi wa kiti cha mwisho ambaye hakuwa amecheka tangu aanze dawa. Kitinda alikuwa analia na kucheka pamoja. Nesi Kasuku peke yake ndiye aliyekuwa anangoja. Alijua furaha ile imetangulia tu mlangoni, na kwamba mwenzake yu njiani.

Bi Fundi akaketi ukingoni mwa kiti apate pumzi. Kofia zilikuwa zimemwagika pale. Akaanza kuzikusanya, moja juu ya nyingine, kicheko kikipungua kama cherehani inapoachiwa pedali. Ya bluu aliishika. Akaigeuza, akautazama mshono.

"Lakini lebo ilikuwa na jina langu," akasema.

"Ndiyo."

"Lile jipu."

"Si jipu, Bi Fundi."

"Ni lile ulilosema."

"Ni lile. Na lina dawa, ndiyo hii. Daktari anakuja kukueleza mwenyewe limefika wapi na wanategemea nini, na yeye hatakuficha. Mimi ninachojua ni kwamba asingekupangia dawa hii kama angekuwa amekata tamaa na wewe."

Bi Fundi akatikisa kichwa, taratibu, kama anayehesabu nyuzi. "Kakaake anajua?"

"Anajua, mama," akasema Kitinda.

"Maskini mwanangu. Ndiyo maana siku hizi akipiga simu anakohoa kohoa tu." Akaiweka ile kofia ya bluu kichwani. Ikasimama juu ya utosi kama kifuniko cha sufuria ndogo. Akajaribu kuivuta, haikushuka.

"Nilipima kichwa chake," akasema. "Changu kikubwa."

Hakuna aliyecheka, ingawa alikuwa amewapa nafasi. Akaivua, akajizungushia futi kichwani kwa mikono yake mwenyewe, vidole vimezoea, akaisoma bila kuhitaji kioo. Akaikunja tena. Kitinda akapiga magoti, akataka kumkumbatia miguu.

"Wewe inuka," mama akamwambia, kwa upole kabisa. "Mzima hapigi magoti. Nenda pale kwenye benchi. Waziri benchi, si ndivyo?"

Kitinda akainuka, akaichukua kofia ya bluu, akaenda benchi. Bi Fundi akajisogeza nyuma mpaka mgongo wake ukagusa kiti, akalaza mkono wake juu ya mkono wa kiti, kiganja kikiangalia juu, mshipa nje. Akataja jina lake lote, la kwake, la baba yake na la ukoo. Akataja mwaka wake wa kuzaliwa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Yule nesi mwenye mfuko akasogea, akalinganisha, akasema ndiyo, sawa.

"Ngojeni kwanza," akasema Bi Fundi. "Nesi. Lile somo nililisikia lote, naweza kukurudishia neno kwa neno. Ila nililisikia kama mama. Kila ulichosema nilikuwa nakikata kwa kipimo chake yeye."

Nesi Kasuku akasogeza stuli yake karibu na kiti. Mzee Breki akageukia matone ya dripu yake, akayatazama yakidondoka. Benchi, binti alikuwa ameshika kofia ya bluu mikono miwili na tayari anatafuta mahali mshono unapoanzia, aufumue.

"Anza upya," akasema Bi Fundi. "Tokea pale pa mfalme na waziri. Usiruke kitu, hata ile ya zimamoto. Na safari hii, nesi wangu, niangalie mimi."